Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wahariri wenzangu wa video,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Poleni na joto la Dar es Salaam, na asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha kompyuta nyumbani zinarenda, yaani zinatoa video iliyokamilika, na roho iko huko.

Katiba inanitaka kila mwaka niwaeleze tumefanya nini. Hesabu atazisoma mweka hazina na sitamwingilia, ila nitasema tu kwamba ada bado zinakuja kwa kusukumana. Mikutano tulifanya tisa badala ya kumi na miwili. Semina moja ilikwama kwa sababu ya mgao wa umeme mwanzoni mwa mwaka. Hayo nayaacha hapo. Muda uliobaki ni wa maktaba yetu ya diski, ile ambayo mwaka jana wengi wenu mliicheka.

Hoja yenu mnaikumbuka: chama kinunue diski za nje za nini, wakati vitabu, milio, muziki na programu vyote viko mtandaoni, na vingi ni bure? Mzee mmoja alisema tunachota maji ya bahari na kuyatia kwenye mtungi. Nilikosa jibu siku ile.

Jibu likaja Jumapili, tarehe 12 Mei. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikalala hapa kwetu na kwa majirani. Sisi Jumapili ndiyo siku ya kazi. Harusi imepigwa Jumamosi, na maharusi wanataka kipande chao cha dakika moja kabla shangazi hajarudi Moshi. Nilikuwa nimeshakata picha zote, nimebakiza muziki na mlio wa vigelegele, kwa sababu vile vya ukumbini MC alivifunika kwa maikrofoni yake. Ukurasa unazunguka tu. Nikampigia katibu. Alifika na bodaboda, diski namba 1 ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Saa tatu usiku kazi ilikuwa imekamilika. Kuipakia haikuwezekana, nikaipeleka Tabata kwa mkono, kwenye flashi.

Oktoba yakatokea mengine. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni tunakochukua filamu za zamani za mkusanyiko wa Prelinger, ilishambuliwa na wadukuzi ikazimwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa wameshapakua waliendelea na kazi. Waliotegemea anwani waliyoiandika kwenye daftari walisubiri.

Sasa ndani ya diski kuna nini? Kwanza vitabu vya mafunzo ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Watengenezaji wake, Blackmagic Design, wanavitoa bure, pamoja na klipu za mazoezi, na ukimaliza unafanya mtihani wao mtandaoni na kupata cheti. Hizo klipu ndizo zinazokula bando, kwa hiyo tumezipakua mara moja kwa niaba ya wote. Toleo la bure la programu yenyewe linatoa hadi picha ya nukta 3840 kwa 2160, linatosha harusi zote za mji huu. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja na kumalizana nao. Kwa maoni yangu, nunua siku utakayochoka na chengachenga za picha za usiku, maana kifaa cha kuzisafisha kimefungiwa huko. Kabla ya hapo, dola zako nunulia taa.

Wenye kompyuta kongwe tumewawekea Kdenlive na Shotcut, programu nyingine za bure za kuhariri. Kuna mwenzetu aliiacha Windows akahamia mfumo wa Linux kwa shangwe, akafungua Resolve ya bure, klipu za simu zikaja bila picha. Kompyuta yake haikuwa na ubovu wowote: kwenye Linux toleo la bure halisomi H.264, namna mojawapo ya kubana video, na simu zetu karibu zote zinarekodi hiyo au H.265. Amehamia Kdenlive na ametulia.

Suala lililoletwa mezani mara nyingi kuliko yote ni sauti kuachana na mdomo. Mwezi wa nane tulitazama pamoja mkanda wa ndoa uliopigwa kwa simu mbili. Dakika za mwanzo safi kabisa. Ilipofika viapo, bibi harusi anafungua mdomo, anaufunga, anamwangalia mume wake, ndipo "ndiyo" inasikika. Tulicheka mpaka mwenye kazi akakasirika. Simu haipigi fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, kwa mwendo mmoja. Giza likiingia inapunguza, mwanga ukirudi inaongeza. Mara nyingi taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu, inazihesabu kana kwamba zimelingana, na sauti inakwenda kwa saa yake. Dawa ni kuipitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, kabla hujagusa kitu: nenda sehemu ya Video, weka fremu 25 kwa sekunde, chagua Constant Framerate, yaani mwendo usiobadilika, acha ifanye kazi ukinywa chai. Nimesema 25 na si 30 kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga fremu 25 na shata ya 1/50 (kila fremu ikipokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde), zile taa za ukumbini hazichezi kwenye picha.

Kuhusu milio na muziki nitakuwa mkali kidogo. Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, ina hazina kubwa ya milio, lakini kila mlio una leseni yake. CC0 tumia utakavyo. Yenye BY mtaje mwenye mlio. Yenye NC usiiguse kwenye kazi ya kulipwa, na tangazo la duka la fenicha ni kazi ya kulipwa hata kama ulilipwa kwa kochi. Mhusika anacheka kule nyuma. Kuanzia sasa hakuna mlio unaoingia kwenye diski ya chama bila faili dogo la maandishi pembeni yake: jina la mlio, aliyeuweka, leseni, tarehe tuliyoupakua.

Na bongo fleva je? Kununua wimbo hakukupi ruhusa ya kuubandika kwenye video. Content ID, mtambo wa YouTube wa kukagua nyimbo, haiulizi kama umelipia. Inautambua wimbo, na mwenye wimbo anaamua video izuiwe au mapato yaende kwake. Ninachofanya mimi, nakala ya YouTube naiwekea muziki wa Audio Library, maktaba ya muziki ya YouTube wenyewe, nikikumbuka kwamba baadhi ya nyimbo zake zinataka jina la mtunzi liandikwe kwenye maelezo. Mteja aking'ang'ania wimbo wa msanii, namweleza kwamba wimbo una mwenyewe na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wapo. Wengi huelewa. Wachache huenda kwa mhariri mwingine, na naomba mhariri huyo asiwe mmoja wenu.

Kamati ya manukuu, yale maandishi ya chini ya video, ilijaribu Whisper, programu ya kuandika maneno yanayosemwa, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuiendesha ukiwa ndani ya Subtitle Edit, programu ya kutengenezea manukuu. Kiingereza inakiandika vizuri. Kiswahili chetu inakiokota okota: tulipoipa mahojiano na wavuvi, dau likawa dawa na ngalawa ikawa neno nisilolijua. Hata hivyo, kusahihisha ni haraka kuliko kuandika kutoka mwanzo, hasa kwa kuwa muda wa kila mstari inakuwekea yenyewe. Kamati inaomba pia tukachangie sauti kwenye Common Voice ya Mozilla. Kiswahili kimo, na sauti hizo anaweza kuzitumia yeyote anayetengeneza programu za namna hii. Unasoma sentensi kwa simu, basi. Naunga mkono.

Limebaki la aibu, na ni la mwenyekiti wenu. Mwezi wa sita nilinunua flashi iliyoandikwa TB 2 kwa bei ambayo mtu mzima angejiuliza. Nikaijaza nakala ya pili ya maktaba. Majina ya mafaili yote yalionekana, ukubwa sahihi, nikalala usingizi. Kuja kufungua, zaidi ya kitabu cha kwanza na milio michache, kila faili lilikuwa tupu. Flashi za aina hiyo zinaidanganya kompyuta kuhusu nafasi zilizonayo, na kinachozidi nafasi halisi ama hakiandikwi popote ama kinaandikwa juu ya cha zamani. Fedha ya flashi nimeirudisha mfukoni mwa chama. Kipimo chake ni H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux: kinajaza diski nzima data za majaribio halafu kinazisoma upya. Kwa TB 2 ni kazi ya usiku kucha. Kifaa kisichopita kipimo hicho hakipokelewi tena, hata kikiletwa na mwenyekiti.

Nakala za maktaba sasa zitakuwa tatu: moja kwa katibu, moja kwangu, na moja Morogoro kwa mwenzetu aliyekubali kuihifadhi, ili moto au mwizi wa mji huu asizikute zote. Kunakili ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi, hapahapa. Njoo na diski yako tupu, iliyofomatiwa exFAT (muundo unaosomeka kwenye Windows na Mac), na waya wake. Mwaka jana watu sita walikuja bila waya.

Diski namba 2 iko kwa mwanachama mmoja tangu Septemba. Anajijua. Aje nayo siku hiyo.