Risala ya wanafunzi wa ufundi wa magari kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonyesho ya historia ya mbio za magari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha leo katika karakana hii. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitika mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Sisi ni wanafunzi 23 ambao tangu mwanzo wa mwaka tumekuwa tukibaki hapa kila Jumamosi baada ya usafi, tukisoma na kujadili mbio za magari ya spoti za miaka ya 1950. Wapo waliotuuliza kwa nini tuhangaike na magari ya zamani namna hiyo, tena ya nchi za mbali, ilhali hatuna hata gari moja la kujifunzia ambalo injini yake inawaka. Risala hii ni jibu letu kwao, na ndani yake limo ombi letu kwako.

Gari la spoti la wakati ule lilikuwa gari la viti viwili, lenye taa, ambalo lilitarajiwa kuweza kutembea barabarani kama magari mengine. Waliokuwa wakishindana nalo walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokuwa madereva wa kulipwa, walioajiriwa na viwanda vikubwa, na wapo wa ridhaa, waliojinunulia magari yao, wakayatengeneza wenyewe na kurudi kazini Jumatatu. Kilichotushangaza, na ambacho hatukukitarajia tulipoanza, ni kwamba mara nyingi watu hao walikutana katika mbio zilezile, katika barabara ileile.

Nchini Marekani mpaka kati ya makundi hayo ulilindwa kwa ukali. Chama cha Sports Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1944, kilishikilia ridhaa kiasi kwamba dereva aliyepokea fedha za zawadi aliweza kunyang'anywa leseni yake ya mashindano. Ndani ya chama hicho ndimo alimotoka mtu ambaye tumemsoma kuliko wengine wote, naye ni John Fitch. Alikuwa rubani wa vita, akawa bingwa wa kwanza wa taifa wa chama hicho mwaka 1951, na mwaka 1953 akashinda mbio za saa 12 za Sebring pamoja na Phil Walters. Baadaye kampuni ya Mercedes-Benz ikamchukua katika timu yake, na huko ndiko jina lake linakokutana na mambo mawili tunayotaka kuyaeleza.

La kwanza ni mbio za Mille Miglia, maana yake maili elfu moja. Ziliondoka Brescia, kaskazini mwa Italia, zikashuka hadi Roma na kurudi Brescia, takriban kilomita 1,600 za barabara za kawaida zinazopita katikati ya miji na vijiji, watu wakiwa wamejipanga kandokando. Magari madogo ya watu wa kawaida yalitangulia usiku, na yale yenye nguvu yakafuata asubuhi. Namba iliyochorwa kwenye gari ndiyo iliyokuwa saa yake ya kuondoka. Tarehe 1 Mei 1955 gari la Stirling Moss, mwenzake Fitch katika timu ya Mercedes-Benz, lilikuwa na namba 722, kwa kuwa liliondoka saa 1 na dakika 22 asubuhi, ambayo kwa wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane ni 7:22.

Moss alikuwa kijana wa miaka 25, dereva wa kulipwa. Aliyeketi kando yake, Denis Jenkinson, alikuwa mwandishi wa habari. Jenkinson na Fitch walikuwa wamezungumza juu ya wazo la kuiandika njia nzima kwenye karatasi, na Fitch alipopangiwa gari jingine, hakumzuia mwenzake kulitumia wazo hilo akiwa na Moss. Basi Moss na Jenkinson wakaizunguka njia hiyo mara kadhaa kabla ya mbio, wakiandika kila kona, kila kilima kinachoficha barabara, kila tuta la reli. Maandishi hayo yakaunganishwa kuwa karatasi moja yenye urefu wa zaidi ya mita 5, ikaviringishwa ndani ya kisanduku cha alumini chenye kidirisha, ili msomaji aizungushe kwa vidole gari likiwa kwenye mwendo. Kwa kuwa gari lilikuwa wazi na kelele zake hazikuruhusu mtu kusikika, Jenkinson alitoa maelekezo kwa ishara za mkono. Njiani alitapika, na upepo ukampokonya miwani yake. Akatoa ya akiba, akaivaa na kuendelea kusoma.

Walifika Brescia baada ya saa 10, dakika 7 na sekunde 48, kwa wastani wa takriban kilomita 157 kwa saa. Nyuma yao, kwa zaidi ya nusu saa, alifika Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyeendesha peke yake gari la aina hiyohiyo. Hapa tunaomba radhi kwa kutoka kidogo njiani, lakini katika karakana kama hii hatuwezi kulitaja jina hilo na kulipita. Fangio, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 5, alianza akiwa fundi kijana katika gereji za mji mdogo wa Balcarce, na mbio zake za mwanzo zilikuwa za masafa marefu kwenye barabara za vumbi.

Jambo la pili ni zito, nasi tuliliandika mara tatu kabla ya kukubaliana namna ya kulisoma mbele yako. Tarehe 11 Juni 1955, siku 41 baada ya ushindi ule, yalifanyika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mike Hawthorn, akiwa na Jaguar yenye breki za diski, ambazo hupunguza mwendo upesi kuliko zile za ngoma, alipunguza mwendo ghafla ili aingie kwenye vituo vya kujazia mafuta. Lance Macklin, aliyekuwa nyuma yake katika Austin-Healey, akamkwepa kwa kuhamia kushoto. Pierre Levegh alikuwa akija kwa kasi kubwa katika Mercedes yenye breki za ngoma, akaparamia mgongo wa gari la Macklin. Gari la Levegh lilipaa, likagonga ukingo, na injini pamoja na vipande vizito vikaingia kwenye umati. Zaidi ya watu 80 walikufa pamoja na Levegh mwenyewe. Hapakuwa na njia ya pembeni iliyotenganisha wanaoingia vituoni na wanaopita kwa kasi, na magari yenye breki za uwezo tofauti sana yalikuwa yakitumia lami ileile. Sisi tunaojifunza breki tunaamini kila mwanafunzi wa fani yetu anapaswa kuisoma ajali hiyo.

Aliyekuwa akingoja zamu yake ya kulipokea gari hilo kwa Levegh alikuwa John Fitch. Usiku ule Mercedes iliyaondoa magari yake yaliyobaki. Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani, na Mille Miglia nazo zikafikia mwisho wake mwaka 1957, baada ya gari la Alfonso de Portago kupasuka tairi karibu na Guidizzolo na kuwaua yeye, mwenzake na watazamaji 9, 5 kati yao wakiwa watoto. Fitch akaanza kushughulikia usalama wa barabarani. Kazi yake inayojulikana zaidi ni mapipa ya plastiki yenye mchanga yanayopangwa mbele ya nguzo au ukingo wa daraja, ya mbele yakiwa na mchanga kidogo na ya nyuma yakiwa na mwingi, ili gari lililopoteza njia lipunguziwe mwendo hatua kwa hatua kabla ya kugonga.

Huku kwetu mbio za East African Coronation Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yakipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake ya dukani. Mwaka 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiwa na Volkswagen ya kawaida, gari ambalo babu wa baadhi yetu walilitengeneza hadi kustaafu kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaleta ombi letu. Mwaka jana ofisi moja ilituahidi gari bovu la kujifunzia; tulilisubiri miezi minne, kisha tukaarifiwa kwamba limeuzwa kama chuma chakavu. Tunaomba utusaidie kupata gari lolote lisilotembea, hata kama halina injini, mradi mfumo wake wa breki uwe mzima. Tunaomba pia utufikishie kwa wahusika wa barabara pendekezo letu la kupanga mapipa ya mchanga kwenye ukingo wa daraja jembamba lililo chini ya chuo, mahali ambapo pikipiki mbili zimegonga tangu tulipojiunga. Vipimo tumeshavichukua na michoro iko tayari.

Mezani mbele yako kipo kisanduku cha mbao chenye kidirisha cha plastiki, tulichokitengeneza kwa kufuata mfano wa kile cha Jenkinson. Karatasi iliyomo ni ya risiti za dukani, tumeigundisha kipande kwa kipande, na juu yake tumeiandika barabara ya kutoka mjini hadi langoni mwa chuo: matuta matatu mbele ya shule ya msingi, kona ya mwembe, daraja. Hajakizungusha mtu yeyote bado mbele ya hadhira. Tunakuomba, kwa heshima zote, uwe wa kwanza.

Ahsante kwa kutusikiliza.