Ibara ya 11 isiishie kwenye karatasi

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki. Dirisha la wazee lilikuwapo, hakupanga foleni, na daktari alimwona bila malipo kama sera inavyosema. Tulipofika dirisha la dawa tukaambiwa za presha zimekwisha, tukanunue nje. Mama ana miaka 78. Usiku ule nilifungua Katiba kutafuta nchi yake imemwahidi nini.

Ahadi ipo. Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya kufanya kazi, ya kujipatia elimu, na ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini ukirudi nyuma kidogo, ibara ya 7(2) inasema masharti ya Sehemu ya Pili ya Katiba, yaani ibara hiyo na misingi mingine ya kuiongoza Serikali, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Jaji hana hata uwezo wa kuamua kama Serikali imeyafuata au imeyaacha.

Mwaka 1984, misingi hii ilipoingizwa, ziliingizwa pia haki za Sehemu ya Tatu, ambazo mtu anaweza kuzidai Mahakama Kuu. Wakazi wa Tabata waliposumbuliwa na dampo la Jiji la Dar es Salaam, Jaji Lugakingira aliegemea ibara ya 14, haki ya kuishi. Tabata walisikilizwa kwa kuwa shida yao ilipata ibara yenye meno. Mzee aliyekosa dawa ashike ibara gani?

Najua jibu la siku zote: nchi haina fedha za kutosha, na kupanga bajeti si kazi ya jaji. Hoja hiyo naiheshimu. Ireland waliandika misingi isiyodaiwa mahakamani mwaka 1937, India wakafuata mwaka 1950. Ila India hawakubaki hapo: mwaka 2002 waliifanya elimu ya watoto wa miaka 6 hadi 14 kuwa haki ya msingi. Jirani zetu Kenya, katika Katiba ya 2010, waliweka afya na hifadhi ya jamii katika ibara ya 43 kama haki zinazodaiwa, na Serikali ikijitetea kwamba haina fedha, ni juu yake kuthibitisha. Hapo ndipo ningependa tufike.

Kura ya maoni ya Katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na mama hana miaka mingine mingi ya kungoja. Lipo linalowezekana sasa. Ibara ya 7(1) tayari inaibebesha Serikali na vyombo vyake vyote wajibu wa kutekeleza misingi hii. Katiba ya Uganda inamtaka Rais alieleze Bunge na taifa, angalau mara moja kwa mwaka, hatua zilizochukuliwa kutimiza malengo ya aina hiyo. Wabunge wetu wanaweza kudai taarifa kama hiyo Dodoma kila bajeti inapojadiliwa: wazee wangapi walitibiwa, wangapi waliondoka bila dawa, na mwaka ujao kitafanyika nini.

Mbunge wangu nimemwandikia ombi hili. Nawasihi wasomaji wenzangu wawaandikie wa kwao kabla bajeti haijasomwa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro