Kipimo cha tisa

Mwanangu,

Wimbo wako niliupata juzi usiku. Nikausikiliza jikoni kwenye simu, kisha nikachukua daftari na kuuandika wote kwa do-re-mi, sauti zote nne, maana mimi nisipoona nota kwenye karatasi sijasikia vizuri. Ni wimbo mzuri. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima ukitafuta kama mama kaupenda.

Sasa twende kipimo cha tisa, kile kifungu cha mapigo chenye maneno "Nimeiona nuru ya asubuhi." Umeiweka "nu" kwenye pigo dhaifu, "ru" ikaangukia pigo la kwanza, do ya juu, tena ukaishikilia mapigo mawili. Hebu itamke hivyo hivyo ulivyoiandika: nuRU. Nani anasema nuRU, baba? Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukichezea mkazo unaweza kupata neno jingine kabisa: baraBAra magari yanapita, baRAbara maana yake sawasawa. Sogeza neno mbele pigo moja tu. "Nu" ikae pigo la kwanza kwenye do ile ile, "ru" iteremke kwenye la. Uimbe uone.

Mbinu zote ninazozijua, hii naipenda kuliko nyingine. Kabla sijagusa kinanda, sentensi naisema. Naisema nikifua, naisema nikichambua mchele, mpaka yenyewe ianze kupanda na kushuka, na hapo kazi yangu inabaki kuandika tu. Zile nyimbo za zamani zilizotafsiriwa zinatusumbua kwa sababu hiyo: tuni ilizaliwa na maneno ya Kijerumani au ya Kiingereza, ambayo mara nyingi huishia kwenye silabi nzito. Kiswahili karibu siku zote huishia kwenye silabi nyepesi. Ndiyo maana mwisho wa mstari unasikia waumini wanasukuma silabi ambayo haikutaka kusukumwa. Tumezoea, lakini wewe unatunga upya, huna kisingizio.

La pili linanihusu mwenyewe. Nimeimba sauti ya pili, yaani alto, miaka 26. Soprano wanapewa tuni, besi wanapewa kutetemesha madirisha, sisi tunapewa so, so, so, fa, so. Nimehesabu kwenye wimbo wako: alto wana so 19 mfululizo! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Programu ya kompyuta haitakuonya, maana kompyuta haichoki. Kila ukimaliza kutunga, imba kila sauti peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe mwenyewe ukipiga miayo, jua mwanakwaya atapiga zaidi, na aliyechoka hushusha sauti, mkifika ubeti wa tatu sauti zenu zimeshuka chini ya ile ya kinanda. Wape alto hata hatua tatu za kushuka pale soprano wanaposhikilia noti ndefu. Kwaya yote itang'aa na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Kuhusu besi na tenor kutembea pamoja kwa umbali wa sauti tano: mwalimu wako kakuwekea alama nyekundu, na kwa mtindo wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, yuko sahihi, sauti mbili zinaungana kama moja. Mtii kwenye mtihani. Ila bibi yako ni Mgogo, na Wagogo wameimba kwa nne na tano zinazotembea pamoja tangu zamani, na hakuna aliyesinzia. Hapo kwenye kiitikio chako mimi ningeziacha.

Kiitikio chenyewe kinasubiri mno. Mwimbishaji anamaliza, kimya, ndipo kwaya inaingia, kama watu wanaopishana mlangoni. Kwenye ngoma waitikiaji hawangoji hivyo. Wanampokea mwimbishaji angali kwenye neno lake la mwisho. Waingize besi juu ya "-buhi" yake, wengine wafuate pigo moja baadaye. Usizidishe lakini. Sauti nne zikisema maneno manne tofauti kwa muda mrefu, kanisa halisikii neno hata moja.

Ubeti wa mwisho umepandisha ufunguo. Nilijua tu. Kwetu sisi wa do-re-mi ni rahisi, karatasi haibadiliki hata herufi moja, natoa do mpya na wimbo wote unahama nayo. Mpiga kinanda naye anabonyeza kitufe. Kwa kuwa ni rahisi, kila mtu anafanya. Kama ubeti hauna jambo jipya la kusema, nusu sauti haitausaidia.

Badala yake jaribu kunyamazisha kinanda. Hili sikulisoma popote. Pasaka moja umeme ulikatika katikati ya ubeti wa pili, kinanda kikafa, mikono yangu ikabaki hewani. Kwaya haikusimama. Nikasikia pumzi zao, nikasikia herufi s ya "ufufuko" ambayo haipo (mzee mmoja wa besi alikuwa akisema "usufuko" miaka yote na kinanda kilikuwa kinamfichia). Jenereta ilipowaka nilikaa bila kupiga mpaka kiitikio. Tangu siku hiyo kila wimbo wangu una vipimo vinne visivyo na ala. Kwako ningeviweka kuanzia hicho cha tisa, nuru isikike yenyewe.

Rekebisha, uniletee kabla ya Alhamisi, maana mazoezi yanaanza saa kumi na moja na lazima nitoe nakala 30. Alto nimeshawaambia kuna kijana anawaandikia kitu.

Unga na karanga nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Mfuko wa bluu.

Mama