Majina ya Kiajemi yasivunjiwe heshima

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme jambo linaloniuma. Mtoto wa kaka yangu kapata mtoto wa kiume, akamwita Rustam. Siku ya akika ustadhi mmoja akashika kipaza sauti, akasema mbele ya wageni kwamba hilo ni jina la kimajusi, la waabudu moto, libadilishwe. Mama mtu, mzazi wa siku saba, akaingia chumbani kulia.

Rustam ni jina la Kiajemi, sikatai, na limeutangulia Uislamu. Ndiye shujaa mkuu wa Shahnameh, utenzi alioukamilisha Firdausi mwaka 1010, naye Firdausi alikuwa Mwislamu. Lakini sisi wa Unguja tuna mfano wa karibu zaidi. Imamu Abdurrahman bin Rustam, mwenye asili ya Kiajemi, ndiye aliyeasisi dola ya Kiibadhi, yaani ya Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, kule Tahert, katika Algeria ya leo, karne ya 8. Dola yenyewe ilijulikana kwa jina la baba yake na ikadumu hadi mwaka 909. Maibadhi tunaishi nao na kuoleana nao hapa hapa visiwani. Wanavyuoni wa zama zile walimpa huyu mtu uimamu, na jina la baba yake wakaliacha lilivyo. Leo sisi ni nani hata tulione najisi?

Aliyesoma nahau ya Kiarabu chuoni atakuwa kamsikia Sibawayhi. Bingwa huyo wa lugha ya Waarabu alikuwa Mwajemi, na jina lake ni la Kiajemi; wengi hulifasiri kuwa harufu ya tufaha.

Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina mabaya, kweli. Binti aliyekuwa na jina lenye maana ya mwasi alimwita Jamila. Alichokiangalia pale ni maana.

Tena majina haya yamo majumbani mwetu siku zote. Feruzi maana yake mshindi. Asili yake Piruz, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p, likatufikia na f. Shirini ni tamu. Yasmini ni asumini ile ile tunayotungia vikuba. Jamshid, sultani wa mwisho wa Zanzibar aliyepinduliwa Januari 1964, alikuwa na jina la mfalme wa hadithi za kale za Uajemi, naye Mwislamu mtoto wa Waislamu.

Nawaomba wanaochapisha vijitabu vya majina ya watoto wasiyatie yote haya chini ya "Kiarabu"; waandike Kiajemi panapostahili, vijana wajue. Na masheikh wetu, wakiingiwa na shaka juu ya jina, wamwite baba kando wamuulize maana yake kabla ya kukamata kipaza sauti.

Wako msomaji,
Shangazi wa watu,
Mkunazini, Unguja