Kizibao cha kushtua moyo kivaliwe ipasavyo

Mhariri,

Familia za Mbeya, Iringa na Njombe zenye ugonjwa wa moyo wa kurithi au wa kuzaliwa nao zielezwe vizuri kuhusu kizibao chenye difibrileta, yaani mashine inayoushtua moyo kwa umeme ili urudie mapigo yake ya kawaida, kabla ya kutafuta fedha. Kifaa hiki ni cha muda, kwa mfano kwa anayesubiri kupandikizwa difibrileta ya ndani ya mwili, au ambaye yake imetolewa kwa maambukizi.

Aina inayojulikana sana, LifeVest, ina vihisio 4 vya kusoma mapigo na bamba 3 za kupitisha umeme: 2 mgongoni, 1 mbele. Moyo ukianza kupapatika, kengele hulia. Mgonjwa mwenye fahamu hubonyeza vitufe 2 kwa pamoja kuzuia mshtuko. Vitufe hivyo ni vyake peke yake! Ndugu akivibonyeza kwa huruma wakati mgonjwa amezimia, anamnyima tiba.

Kwa baridi ya Makete, ni rahisi mtu kutanguliza fulana ndipo avae kizibao. Hilo ni kosa kubwa. Kizibao hugusa ngozi yenyewe, tena isiyopakwa mafuta, na kiwe kimebana. Kikilegea, vihisio husoma msuguano wa nguo na kengele hulia bure, hadi mgonjwa anachoka na kukivua. Sweta zije juu yake.

Betri hubadilishwa kila siku, ya pili ikiwa kwenye chaji. Umeme ukikatika mara kwa mara, ichajiwe mara tu inapotolewa, isingoje usiku. Wakati wa kuoga kizibao huvuliwa, kwa hiyo mtu awe karibu.

Wahudumu wa moyo,
Mbeya