Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na sheria ya mafunzo ya maopereta wa nyuklia

Ndugu wanachama, habari za masiku. Najua wengine mmetoka shifti ya usiku na macho mazito kwahiyo naenda moja kwa moja, ya ada na mahesabu mhazini atawasomea baada yangu, mi naongelea lile lililotushika mwaka mzima, mafunzo ya maopereta kwenye vinu vya nyuklia hapa Marekani na kwanini yako kwenye sheria.

Mnakumbuka tulikubaliana kila kikao tusome kitu kimoja pamoja, kwa Kiswahili, maana kukariri kwa ajili ya mtihani tunafanya kila siku ila kuelewa kanuni imetoka wapi ni habari nyingine. Tukaanza na ajali ya kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, Machi 28, 1979, saa kumi alfajiri. Pale kwenye ile taa ndo tulikwama, vali ya kupunguza presha ilifunguka ikagoma kufunga, taa kwenye paneli ikazimika na maopereta wakajua imefunga, kumbe taa ilikuwa inaonyesha amri tu, haionyeshi vali yenyewe iko vipi. Dada yetu mmoja, fundi wa vifaa vya vipimo, alikuwa kikaoni huku anapika, akageuza kamera kwenye jiko lake la umeme, taa nyekundu inawaka na sahani ya jiko imekufa toka wiki iliyopita. Akasema "taa inakwambia umewasha, haikwambii chungu kinachemka." Hata wageni kabisa wakaelewa palepale, na mi sijawahi kusikia mkufunzi akieleza vizuri hivo.

Vali ilikaa wazi zaidi ya masaa mawili maji ya kupozea kinu yanatoka, na maopereta wakapunguza maji ya dharura kwasababu walifundishwa kuogopa presharaiza, tangi la kushikilia presha ya kinu, isijae, yaani walifuata walichofundishwa, na karibu nusu ya kiini cha kinu, pale penye mafuta ya nyuklia, ikayeyuka. Simuleta, yaani chumba cha udhibiti cha kuigiza, waliyofanyia mazoezi kule Virginia haikuwa na uwezo wa kuonyesha hali kama ile. Kinachoniuma zaidi ni Davis-Besse, Ohio, Septemba 1977, vali ya namna hiyohiyo ilikwama, ikafungwa mapema, na somo halikuwafikia wenzao. Naomba tuache kuwaita maopereta wa Three Mile Island wazembe.

Sasa sheria. Mwishoni mwa 1982 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya taka za nyuklia na ndani yake kuna kifungu cha 306 kinachoiagiza NRC, tume ya serikali inayodhibiti nyuklia, iweke masharti ya mafunzo ya maopereta, wasimamizi na mafundi. NRC ikaja na tamko la sera 1985, makampuni yajisimamie kupitia INPO, taasisi waliyoianzisha wenyewe 1979 baada ya ajali. Kuna wenzetu waliitetea sana INPO kikaoni na nawaelewa, wakaguzi wao ni wakali kwelikweli. Lakini tamko halimfungi mtu, siku bajeti ikibana cha kwanza kukatwa ni kile ambacho hakuna wa kukushtaki ukikikata. Public Citizen, shirika la kutetea wananchi, wakaenda mahakamani, 1990 mahakama ya rufaa pale Washington ikasema Bunge lilitaka masharti yenye nguvu ya sheria, ndo 1993 tukapata kanuni ya NRC yenye nguvu ya sheria, namba yake 10 CFR 50.120. Hesabu wenyewe, miaka 14 toka ajali!

Kanuni yenyewe ni fupi. Inataja makundi tisa ya wafanyakazi, mpaka fundi umeme, mtu wa kemia na wa kinga ya mionzi, na inataka mafunzo yatoke kwenye kazi yenyewe, uichambue, uweke malengo, ufundishe, upime, afu urudi umwangalie mtu akiwa kazini na urekebishe ulichofundisha. Hilo la mwisho ndo linalosahaulika. Mwenzetu mmoja alitueleza kozi yao ya marudio ilikuwa bado inafundisha utaratibu wa pampu ambayo ilishatolewa, akaripoti, akaambiwa asubiri, akaripoti tena kwa maandishi akitaja kanuni ndo ikabadilishwa. Nampongeza mbele yenu wote.

Wawili wetu wamepata leseni ya uopereta mwaka huu, hongereni sana. Maswali 75, chini ya asilimia 80 umefeli, bado simuleta na kutembezwa kinuni unaulizwa hiki nini na kile nini. Leseni ni ya miaka 6, kwa kinu kilekile tu, na kila mwaka unapimwa tena kwa vitendo. Mmoja wetu hakupita na anarudia, tusimwache asome peke yake, mitihani ya zamani iko wazi kwenye tovuti ya NRC na mi mwenyewe Jumamosi nipo.

La mwisho ni nyumbani. Kenya ina sheria ya udhibiti wa nyuklia toka 2019 na mamlaka yake, KNRA, kinu cha umeme bado, na watu wa Uyombo kule Kilifi walishasema wazi hawakitaki kwao. Sisi hatuwasemei. Ila popote kitakapojengwa, masharti ya mafunzo yawe kanuni kabla zege halijamwagwa, na simuleta ifanane na chumba chenyewe cha udhibiti. Rasimu ya barua yetu ya kuomba hayo iko kwa katibu, isomeni, mwenye marekebisho amtumie kabla ya kikao kijacho.