Ramani ya simu ipakuliwe kabla ya kuvuka mpaka

Mhariri,

Madereva wengi wanaotoka Kampala kwenda Kigali hutegemea bando ipatikane njiani. Bando ikikatika, ramani hubaki kijivu. Setilaiti bado zinaonyesha gari lilipo bila intaneti. Kinachokosekana ni ramani yenyewe. Basi ipakueni nyumbani kwa waifai. Katika Google Maps, gusa picha ya akaunti yako, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha panua mraba hadi ufunike safari nzima, pande zote mbili za mpaka. Hapo kwenye mpaka ndipo wengi hukosea: hupakua nchi wanayokwenda tu. Ramani hiyo haitakuonyesha foleni, kwa hiyo usiamini sana muda wa kufika.

Kutoka Katuna, mpakani upande wa Uganda, kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara, na kwenye mizunguko magari huzunguka kinyume na kwetu. Sauti ya simu haikumbushi hilo.

Kwa wanaokodi gari ng'ambo, kifaa cha ramani cha kampuni kwa kawaida hutozwa kwa siku. Simu, kishikio na chaja ya gari vinatosha. Zima barabara za kulipia kwenye mipangilio kama hutaki gharama. Korea Kusini ni tofauti: huko tumia programu za ramani za wenyeji, Naver Map au KakaoMap. Ufaransa na Uswisi, zimeni maonyo ya kamera za kasi, maana sheria inayakataza.

Dereva, Kampala